TUNAPIMA MAJANI, HATUPIMI WATU

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Hapa Sosiot wengi huamini ati ugonjwa wa moyo hauna mawingu. Mtu huanguka tu shambani, basi. Mimi sikubaliani nao hata kidogo.

Mtu anapopata mshtuko wa moyo, mshipa unaoulisha moyo huziba na sehemu ya misuli yake hufa. Hata akipona, bado hajavuka mto. Misuli iliyobaki yaweza kushindwa kusukuma damu, maji yakajaa mapafuni na miguu ikavimba. Je, nani yumo hatarini zaidi? Mwaka wa 1967 madaktari wawili wa Marekani, Killip na Kimball, waliandika juu ya wagonjwa 250. Waliwagawa katika madaraja manne kwa kuwapima presha, kuwatazama na kuwasikiliza vifua tu. Katika daraja la kwanza, wenye mapafu safi, walikufa 6 katika kila 100. Katika la nne, wenye presha ya chini sana na mikono baridi, walikufa 81! Tiba ya siku hizi imepunguza vifo hivyo, lakini madaraja yale yangali yanatumika.

Sasa, jirani yetu mmoja, mchuma chai, alipewa dawa ya vidonda vya tumbo mara mbili bila kifua chake kusikilizwa. Alipofikishwa hospitali kubwa alikuwa akilala ameketi, kwani akijinyoosha anakosa pumzi. Kusikiliza kifua kunagharimu nini jamani?

Kisha kuna hili la mizani. Mkulima akipunjwa kilo moja ya majani kituoni, kelele zake zitasikika hadi Kapsoit. Lakini mgonjwa wa moyo akiongezeka kilo 2 kwa siku tatu, tunamsifu ati amenona! Huenda ni maji hayo, na yafaa arudi kwa daktari mara moja, si kungoja siku ya kliniki.

Najua Tenwek kule Bomet wanapasua moyo, nami najivunia. Lakini si kila mgonjwa anahitaji kisu. Mwaka wa 2023 wahudumu wa afya ya jamii waligawiwa mikoba yenye mizani na kipima presha. Naomba mizani hiyo ianze na waliotoka hospitalini mwezi huu: wapimwe kila asubuhi kabla ya chai, na kilo ziandikwe daftarini. Kama hakuna wa kuandika, sisi wanafunzi wa kutwa tunalala nyumbani. Kalamu tunazo.