Anayenyimwa na kompyuta aambiwe sababu

KATIKA makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, mgawo wa chakula hutegemea rejista ya alama za vidole. Mjini Mbarara, rekodi za simu ya mkononi zinatosha kuamua kama mchuuzi atapata mkopo au atakosa. Kwa hiyo suala la kompyuta kuamua hatima za watu si la wataalamu peke yao.

Mwaka 2018 Ofisi ya Waziri Mkuu ya Uganda na UNHCR walihakiki wakimbizi wote kwa alama za vidole na mboni za macho. Idadi iliyokuwa ikitajwa kuwa milioni 1.4 ilishuka hadi milioni 1.1 hivi. Kazi hiyo ilifuatia tuhuma za majina hewa, na ilikuwa ya lazima.

Lakini kumbukumbu zikishakusanywa hupata kazi nyingine. Mwaka 2023 WFP, ikiwa na upungufu wa fedha, iliwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu kwa kiwango cha uhitaji, na kundi la mwisho likakosa mgawo kabisa. Mama akiwekwa kundi lisilo lake, kosa la rejista kwake ni sufuria tupu.

Mfanyabiashara wa mpakani naye hajasalimika. Huduma ya mikopo kama MoKash, iliyoanza mwaka 2016, hupima mteja kwa jinsi anavyotumia laini yake. Anayevuka Kikagati kwenda Murongo, upande wa Tanzania, mara nyingi hubadili laini. Programu isiyojua biashara hiyo inaweza kuuona ukimya wake kuwa dalili ya mtu asiyeaminika. Huo ni ubaguzi, hata kama hakuna aliyekusudia kubagua.

Uganda haikosi sheria. Ile ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamruhusu mtu kudai, kwa maandishi, kwamba uamuzi mzito unaomhusu usifanywe na mashine peke yake. Tunauliza: nani ataandika barua hiyo ikiwa hajui kwamba aliyemkatalia ni kompyuta?

Isitoshe, kumbukumbu zikishikwa nje ya Uganda, sheria hiyo inawataja raia wa Uganda tu. Aliyerejea Burundi au Kongo amebaki bila kinga. Mashirika ya Umoja wa Mataifa nayo hayashtakiwi kirahisi katika mahakama za nchi.

Yaliyotokea Kenya yawe funzo. Maelfu ya raia wa kaskazini mashariki waliowahi kuandikishwa katika kambi za Dadaab, wengine wakifuata chakula wakati wa ukame, walinyimwa vitambulisho vya taifa kwa sababu vidole vyao vilionekana katika rejista ya wakimbizi. Wapo waliosubiri zaidi ya miaka 10, hadi Mahakama Kuu ya Garissa ilipowapa haki Januari 2025.

Ni rai yetu kwamba Bunge la Uganda lirekebishe sheria hiyo mapema. Anayenyimwa huduma na mashine aelezwe hivyo papo hapo, pamoja na sababu, kwa lugha anayoielewa. Awepo ofisa mwenye mamlaka ya kuutengua uamuzi huo ndani ya muda uliowekwa. Uraia au kadi ya ukimbizi visitumike kumshushia mtu alama. Na ulinzi umfuate kila aliyeandikishwa Uganda, hata akirudi kwao.

UNHCR na WFP, ambazo sheria haizifikii kwa urahisi, zikubali masharti hayo katika makubaliano yao na serikali.

Wasomaji wetu nao wasiondoke dirishani kimya. Anayekataliwa aulize ni nani aliyeamua, na adai jibu kwa maandishi. Mashine haioni aibu wala huruma. Aliyeiweka pale ndiye wa kuulizwa.