TUSINGOJE UGONJWA NDIPO TUUKUMBUKE MWILI



Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini mwetu alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, kule Arusha. Baada ya hapo kila mtu akawa mganga. Tangawizi, ndimu na vitunguu saumu vikatafutwa magulioni kama dhahabu. Watu wakajifukiza majani ya mkaratusi. Wazee wakahimizwa kula mboga na matunda, vijana wakahimizwa kukimbia asubuhi. Jirani zetu wa Uganda walikuwa wamezuiwa kutoka majumbani. Mwezi Aprili 2020 Rais wao, Mzee Museveni, mwenye miaka 75 wakati ule, alijionyesha akifanya mazoezi pekupeku ofisini mwake, ili wajue kuwa hata ndani ya nyumba mtu anaweza kutoa jasho.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya dharura ya korona imekwisha. Watu wakasema: yamepita hayo! Tangawizi ikasahauliwa, mbio zikasahauliwa.

Sisi tunasema, hapana. Korona ilituachia fundisho. Mwenye kisukari, mwenye presha na mwenye unene uliozidi, ugonjwa ule uliwashika vibaya kuliko wengine. Na presha haishuki kwa kunywa tangawizi wiki mbili. Ghala hujengwa kabla ya mavuno, na mwili vivyo hivyo. Wala hatusemi mazoezi yanazuia virusi. Chanjo ina kazi yake na maji na sabuni vina kazi yake. Lakini mwili uliotunzwa hupambana vizuri zaidi.

Wapo watakaosema: "Mkulima mazoezi ya nini? Jembe linatosha!" Maneno hayo ni kweli nusu. Jembe ni mazoezi halali kabisa. Wataalamu wanataka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli ya kutoa jasho, na wakati wa kupalilia tunazimaliza siku ya kwanza. Je, mahindi yakishaingia ghalani? Kina mama wanaendelea na kuni na maji. Wanaume wengi, bao asubuhi, kilabuni jioni, na safari ya kilometa moja lazima bodaboda. Jamani, presha haina likizo ya baada ya mavuno.

Tuje kwenye sahani. Ruvuma yetu inalisha mikoa mingine mahindi. Tunalima maharage, soya na mbaazi. Lakini gunia zuri la maharage linakwenda kwa mnunuzi, na fedha yake inarudi nyumbani ikiwa soda, sukari na mafuta ya kukaangia. Mahindi nayo tunayapeleka mashineni kukobolewa. Ganda na kiini vinatoka, pamoja na vitamini na nyuzinyuzi zake. Pumba anapewa nguruwe, ananenepa na kung'aa. Sisi tunakula weupe!

Wanaopenda sembe wana hoja zao, nasi tunazisikia. Dona haikai muda mrefu bila kuharibika, na mahindi yaliyoota ukungu yana sumu ambayo kukoboa kunaipunguza. Kweli. Basi tusage kidogo kidogo, tuanike mahindi yakauke sawasawa, na tuchague punje mbovu tuzitupe. Kazi hiyo hatuishindwi.

Kwa hiyo tunaomba mkutano mkuu ujao wa chama uamue mambo manne:

1. Mashine ya chama itenge siku moja kila wiki ya kusaga dona, kwa bei nafuu kuliko kukoboa.

2. Kila kaya ibakize maharage au soya ya kula hadi msimu ujao, kabla ya kupima ya kuuza. Tuuze ziada, tusiuze chakula cha nyumbani.

3. Bustani za mabondeni zilimwe kiangazi na wanaume pia. Kumwagilia mchicha na majani ya maboga ni mazoezi, na jioni ni mboga. Chumvi iwe kidogo: kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima ndiyo mwisho wa mtu mzima.

4. Kila baada ya mavuno tumwombe mganga wa zahanati aje siku ya mkutano kutupima presha. Wengi wanatembea nayo na hawajijui.

Hakuna jipya sana hapa. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakainuka kuchimba vyoo. Desemba 2016 Ndugu Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alihimiza kila Jumamosi ya pili ya mwezi iwe siku ya mazoezi. Maagizo tunayo. Kinachotakiwa ni kuinuka.

Ugonjwa mwingine wa kuenea utakuja siku moja, na hautapiga hodi. Utukute na nini? Na tangawizi ya kukimbilia gulioni, au na miili iliyoandaliwa?

Njooni mkutanoni tukate shauri. Nguvu za chama ni afya ya wanachama.

Kamati ya Gazeti la Ukutani