Kufuta Diski Si Ufundi

Kuna hoja inayosema hivi: Linux ikiishia kwenye hali ya dharura badala ya kuwaka, mfumo umeharibika, futa diski, sakinisha upya, okoa muda.

Umeharibika wapi? Mara nyingi kosa ni mstari mmoja ndani ya faili la /etc/fstab, unaotaja diski iliyochomolewa au UUID iliyobadilika baada ya kufomati. Kwa kawaida systemd huisubiri diski hiyo sekunde 90, ikikosekana husimama. Huo ni ulinzi.

Muda gani unaookolewa? Ingiza nywila ya root, andika mount -o remount,rw /, linganisha UUID na majibu ya blkid, rekebisha mstari, hakiki kwa findmnt --verify, washa upya. Root ikiwa imefungwa, flashi ya Linux inatosha kulifikia faili lilelile.

Dai bovu kuliko yote ni kwamba kusakinisha upya kunaondoa chanzo cha tatizo. Kunaondoa picha na hesabu za mwenye kompyuta! Mstari uleule ukiandikwa tena, kompyuta itagoma tena. Anayefuta diski ya mtu kabla ya kusoma journalctl -xb asijiite fundi.