Utitiri wa Nyoka: Tibuni Nyumba Kwanza



Ndugu wazazi, na nyinyi vijana wetu, mada ya leo huenda ikawachekesha baadhi yenu. Nyoka wa kufugwa, tena utitiri wake! Lakini hatukuichagua kwa mzaha.

Hapa mtaani kwetu Asiatique kijana mmoja alikuwa na chatu mdogo ndani ya kasha la mbao. Wenzake wakija kumtazama baada ya masomo. Ikafika siku chatu akagoma kula, akawa anashinda ndani ya beseni lake la maji mchana na usiku. Walipomkagua wakaona vidoa vyeusi vinatembea kandokando ya macho na chini ya kidevu. Mmoja akasema huo ni utitiri, mwingine akaja na kopo la dawa ya mende. Wakapuliza kasha zima nyoka akiwa ndani, wakafunika. Asubuhi wakamkuta amekufa. Na kasha lile lilikuwa katika chumba wanacholala watoto wadogo wawili.

Hatutaji nyumba wala jina, kwani nia yetu si kumwaibisha mtu. Kijana yule alikuwa na huruma, alichokosa ni elimu. Wala watu wazima waliokuwepo hawakuwa na elimu hiyo, na ndiyo sababu tunaandika.

Rai yetu ni hii: utitiri ni maradhi ya kufungiwa. Anayemfungia mnyama ndani ya kasha ndiye anayebeba jukumu la kulisafisha kasha hilo. Asiyeweza kazi hiyo, basi asifuge.

UTITIRI HUU NI NINI?

Kila aliyefuga kuku anaujua utitiri. Wa kuku hujificha mchana kwenye nyufa za banda na usiku hutoka kunyonya damu. Bibi zetu hawakuhitaji kitabu kulijua hilo. Kuku akianza kujikuna, walilitoa banda lote nje, wakalimwagia maji ya moto, wakaunguza nyasi za kiota, wakaweka majivu mapya. Walijua kwamba adui yuko bandani zaidi kuliko alivyo kwenye manyoya.

Utitiri wa nyoka ni jamaa yake. Wataalamu wanauita Ophionyssus natricis. Jike aliyekomaa ana urefu wa karibu milimita 1 tu, na akishiba damu hugeuka mweusi au mwekundu wa kuiva. Hupenda kukaa chini ya magamba, kwenye ukingo wa macho na kwenye mkunjo wa chini ya kidevu. Mayai yake, ambayo huweza kufika 60 au 80, hatagi juu ya nyoka. Hushuka, akayataga kwenye nyufa na pembe za kasha, mahali penye giza na unyevu. Kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30, kutoka yai hadi mkubwa huchukua wiki mbili hadi tatu. Sasa fikirini joto letu la Bujumbura, na unyevu wa ziwa wakati wa masika. Tumemwandalia utitiri nyumba nzuri bila kujua.

Dalili zake si za kufichika kwa anayetazama. Nyoka hujilaza majini muda mrefu, maana anajaribu kuuzamisha. Vidoa vyeusi huelea kwenye maji. Vumbi jeupe huonekana juu ya magamba. Ngozi hutoka vipandevipande badala ya kutoka nzima. Ukiachwa, mnyama hupungukiwa na damu, na vidonda vyake huingiwa na vijidudu vingine hadi afe.

Na watu je? Wao pia huumwa. Mwaka 1975 iliandikwa taarifa kutoka Afrika Kusini ya watu waliotokwa na vipele kwa sababu ya utitiri huu huu. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba ni shida ya nyoka peke yake.

KWA NINI TUNASEMA NI MARADHI YA KUFUNGIWA?

Chatu wa porini naye hupata utitiri. Lakini yeye huhama. Leo analala hapa, kesho yuko kwingine, na mayai yaliyoanguliwa nyuma yake hayamkuti. Aliye kwenye kasha la nusu mita hana pa kwenda. Kila yai linaloanguliwa linamkuta pale pale, usiku baada ya usiku. Sisi ndio tuliomnyima njia ya kujiokoa.

Wengi wetu tulisimuliwa tangu madrasa habari ya yule mwanamke na paka wake: alimfunga, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie mwenyewe. Twaona kisa hicho kinahusu kila kasha, kila tundu na kila kamba iliyomo nyumbani mwetu.

TIBA YENYEWE

Kwanza, mtoeni nyoka na mumweke kwenye chombo kisafi, chenye matundu ya hewa na kifuniko cha kufunga vizuri, juu ya karatasi nyeupe. Karatasi mtaibadilisha kila siku, na juu yake mtauona utitiri kwa macho.

Pili, tupeni kila kilichokuwemo kasha: maranda, majani, vipande vya mbao. Vifungwe kwenye mfuko vitolewe mbali na nyumba, visiachwe uani. Kasha lisuguliwe kwa sabuni na maji ya moto sana, kila pembe na kila ufa, kisha lianikwe juani hadi likauke kabisa. Kasha la mbao bovu lenye nyufa nyingi, afadhali lichomwe.

Tatu, nyoka alowekwe kwenye maji ya vuguvugu yasiyofika kichwani, mtu mzima akiwa amesimama hapo. Maji huzamisha utitiri mwingi. Hayauondoi wote, kwani ule wa kichwani husalimika.

Nne, dawa aiamue daktari wa mifugo. Hapa tunawasihi sana. Wapo wanaosema, "Kuna ile sindano ya ng'ombe, ivamektini." Ni kweli waganga wa wanyama huitumia. Lakini mililita 1 ya dawa ile ya asilimia 1 ni kipimo cha ng'ombe wa kilo 50, na nyoka wa kilo 1 anatakiwa apate sehemu 1 tu kati ya 50 ya hiyo mililita. Nani kati yetu ana mkono wa kupima hivyo? Na mwenye kobe nyumbani ajue kwamba dawa hiyo humuua kobe. Dawa ya mende, mafuta ya taa na dawa za kuogeshea ng'ombe zisiguse kasha wala mnyama. Zinamuua nyoka, na mvuke wake unaingia mapafuni mwa watoto wetu.

Tano, rudieni usafi huo kila wiki, kwa wiki sita. Wengi hushindwa hapa. Siku ya kumi vidoa havionekani, wanasema alhamdulillah amepona, wanaacha. Mayai yaliyobaki ufani yanaanguliwa, na mambo yanaanza upya.

"NYOKA WA NINI NYUMBANI?"

Tunajua kuna wazee watakaouliza hivyo, na tunawaheshimu. Sisi wenyewe hatumhimizi mtu kufuga nyoka. Chatu mdogo hukua akafika mita kadhaa. Tena chatu ni mnyama anayelindwa: yumo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama pori, CITES, ambao Burundi ilijiunga nao mwaka 1988. Mtoto mwenye hamu ya kuona nyoka apelekwe Musée Vivant hapa hapa mjini, amtazame akiwa nyuma ya kioo.

Lakini kumchukia nyoka hakumpi mtu ruhusa ya kumtesa aliyekwisha kufungiwa. Wala dawa si kumtupa mtaroni usiku. Huko atawatisha jirani, na atauawa kwa mawe. Aliyeshindwa na aende akaulize OBPE, ofisi ya serikali inayosimamia mazingira na wanyama pori, na aeleze ukweli.

Na asiye na nyoka asidhani makala hii haimhusu. Njiwa wa darini, kuku wa uani, sungura wa watoto, wote wana utitiri wao, na wote tumewafungia sisi. Wiki hii, kabla ya kumnunulia mnyama dawa, inua kile anacholalia utazame chini yake. Mwite mwanao mtazame pamoja. Akijifunza leo kusugua pembe za banda, hatashika kopo la dawa ya mende kesho.

Wabillahi tawfiq.