Sindano ya Mgongo: Zijue Dalili za Hatari

Akina mama wengi huumwa kiuno. Maumivu yakishuka mpaka mguuni na vidonge visiposaidia, baadhi yetu hupewa sindano ya steroidi karibu na uti wa mgongo. Dawa hiyo hupunguza uvimbe kwenye mshipa wa fahamu uliobanwa. Wengi hupata nafuu kwa majuma au miezi, ingawa chanzo cha maumivu hubaki.

Kwa kawaida madhara yake ni madogo: uso kuona joto, kukosa usingizi, au sukari kupanda kwa wenye kisukari. Lakini mara chache hutokea makubwa. Mwaka 2014 idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa ilionya kwamba sindano hizi zinaweza kuleta upofu, kiharusi, kupooza, hata kifo. Dawa ikiingia kwa bahati mbaya katika mshipa wa damu, chembe zake zinaweza kuuziba, na uti wa mgongo au ubongo ukakosa damu. Pengine damu huvuja ndani ikabana uti, au vijidudu huingia na kufanya usaha.

Mwaka 2012, huko huko Marekani, dawa ya sindano hizo iliingiwa na ukungu ilikotengenezwa. Watu zaidi ya 750 waliugua, wengine kwa homa ya uti wa mgongo, na zaidi ya 60 walifariki. Baadhi walianza kuugua majuma kadhaa baada ya kuchomwa.

Hatusemi haya ili mkimbie matibabu. Kabla ya kuchomwa, mweleze daktari kama una kisukari, homa au mimba, au kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Dawa hizo usiziache bila yeye kukuambia.

Ukisharudi nyumbani, jiangalie. Miguu ikilegea au kufa ganzi, mkojo ukikataa kutoka au ukitoka wenyewe, ukipata homa, shingo kukakamaa, kichwa kuuma sana, macho kufifia, au mgongo kuuma kuliko mwanzo, rudi hospitali saa hiyo hiyo.

Sisi akina mama tumezoea kuvumilia, na habari za mkojo tunaona haya kuzitaja. Hapa uvumilivu haufai. Mwamshe mume, mwite binti au jirani, hata kama ni usiku wa manane. Uti wa mgongo uliobanwa hausubiri kupambazuke, na saa chache zaweza kuamua kama utatembea tena.