Baraza si Jamvi, Baraza ni Watu

Baraza za siku hizi hazihitaji jamvi. Mtu hukaa kitandani mwake, akafungua kundi la WhatsApp, akatia majina ya watu, kisha akajigamba kuwa ana jamii. Mwaka 2016 kundi kama hilo lilichukua watu 256. Tangu mwaka 2022 lachukua 1,024. Nafasi imezidi mara nne. Je, mazungumzo nayo yamezidi? Mimi naona la. Katika makundi mengi niliyomo wasemao hawapiti kumi, na waliosalia wamo kama viatu vilivyoachwa mlangoni.

Jamii haijengwi kwa wingi wa majina, wala haikuzwi kwa zawadi. Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo iandikwayo na watu wa kujitolea, ilifunguliwa mwaka 2003. Mwaka 2009 kampuni ya Google iliandaa mashindano kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania, wenye kuandika vizuri wapate zawadi, kompyuta zikiwamo. Makala zilimiminika kama mvua ya masika. Mashindano yalipokwisha, wengi wa walioandika walitoweka, na kamusi ikabaki mikononi mwa wachache wasioahidiwa chochote.

Siwalaumu vijana wale. Aliyeitwa karamuni huondoka sinia zikisha kuondolewa. La kuuliza ni hili: wale wachache walishikwa na nini? Jawabu langu ni kuwa walijibizana. Katika kamusi ile kila makala ina mahali pake pa majadiliano, ambapo mtu huulizwa alikolitoa neno lake, na kosa husahihishwa mbele ya wote. Mgeni akisahihishwa kwa adabu, kesho huja na makala nyingine; kazi yake ikifutwa bila ya neno, haonekani tena. Sisi tuliosoma chuoni twalijua hilo tangu udogoni: maamkuzi huitikiwa kwa yaliyo mema kama hayo, au kuyashinda.

Mwambao nao una ushahidi wake. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, alijibizana kwa mashairi na watu wa Lamu. Washairi wale waliunganishwa na deni la jawabu. Hata hivyo tungo za Muyaka zingalipotea lau si Mwalimu Sikujua na Mwingereza Taylor kuzihifadhi. Diwani yake ilichapwa mwaka 1940.

Hapo ndipo penye hasara yetu. Katika makundi yetu mmoja hueleza asili ya mtaa, mwengine akafasiri neno la Kipate, na simu zikipotea vyote vimekwenda. Kwa kuwa kamusi ile hutaka ushahidi wa maandishi, haya na yaandikwe kwanza magazetini na vitabuni, kisha yapelekwe huko. Tusipokaa baraza ile, Lamu, Siu na Pate zitaelezwa na wasiozijua, na watoto wetu watasoma wakidhani ndivyo.

Basi atakaye kukuza jamii aanze na watu watano wenye kujibizana, amteue mmoja wa kuyahifadhi yasemwayo, na mgeni apate neno jema siku yake ya kwanza. Wengine watakuja wenyewe. Na wasipokuja, wale watano watakuwa wameacha kitu cha kusomwa.