Taa Nyekundu Hailinde Radi



Tukirudi kwetu Masisi ao Walikale wakati wa vakansi, tunakuta waya mrefu unaotoka ku grupe ya jirani, multiprizi moja chini ya kitanda, na simu za watu wote juu yake. Wazazi wanasema: iko na taa nyekundu, basi inalinda. Hapana! Taa ile inaonyesha tu kama umeme umefika. Hata ile iliyotengenezwa kweli kwa kulinda inataka mara nyingi waya wa kushuka udongoni, na nyumba zetu za mbao ngapi ziko nao?

Tena tunaishi wapi? Hesabu ya radi iliyopigwa kwa satelaiti na kutangazwa mwaka 2016 iliweka Kabare ya kwanza katika Afrika, na Sake yetu ya Masisi kati ya kumi za mbele.

Kwao mmoja wetu, radi iliunguza redio ya baba pamoja na simu tatu za majirani. Walilipa mbuzi.

Basi, ngurumo ikisikika mbali, tuchomoe prizi yote, mbele mvua ifike. (Pasi nayo tusiichomeke pale: inakula wati 1000 na zaidi, waya ule mwembamba utayeyuka.) Mama akisema tunaogopa bure, tumuulize bei ya mbuzi.